Tawi la Upande wa Kisima

3 Machi

Naliomba radhi daftari hili. Misimu mitatu imepita bila mimi kuandika hata mstari mmoja, mimi niliyekuwa nikiwasimamisha watoto nje ya darasa kwa kukosa insha ya ukurasa mmoja. Udhuru sina. Sikuugua, sikusafiri, wala wino haukuniishia. Sikutaka tu kuandika, na mtu asiyetaka kuandika hakosi vyombo vya kuosha.

Desturi hii aliianzisha marehemu mume wangu: kila msimu wa machungwa uwe na shajara yake, kutoka mvua ya kwanza mpaka tunda la mwisho. Yeye aliandika kwa mkato. "Mvua. Mvua. Jua. Nyani." Mimi ni mwalimu, siwezi kuiacha sentensi bila kitenzi.

Hali ya shamba ni hii. Michungwa ni mia moja na kumi, safu kumi na moja, kila safu miti kumi. Mbali na hiyo, uani, kati ya jiko na kisima, upo mti mama, tulioupanda mwaka tulipohamia hapa. Mingine yote imetokana na huo. Atakayesoma daftari hili bila kuijua kazi yetu aelewe kwamba mchungwa mzuri hauoteshwi kwa mbegu. Unaotesha mlimau, ambao mizizi yake ni migumu. Ukifikia unene wa kalamu unachana gome lake, unapachika jicho la mchungwa, yaani chipukizi dogo ambalo bado limelala, unafunga kwa utepe wa plastiki na kusubiri wiki tatu. Kazi hiyo huitwa kubebesha. Tangu nistaafu nimebebesha miche mingi kwa macho ya mti mama na kuigawa bure kwa yeyote anayetaka kupanda. Sitaki shukrani. Nataka mti utunzwe, na kila mwaka mwezi huu mimi hupita nyumba kwa nyumba na rejista yangu kuikagua.

Mwanangu yuko safarini na lori, kama kawaida. Mkewe, mkazamwana wangu, anaishi nami mwaka wa nne sasa. Ana mikono mizuri na hana utaratibu. Leo nimeliokota jembe lake kwenye safu ya sita, limelala topeni kama mlevi.

5 Machi

Mvua imenyesha kutwa.

6 Machi

Imenyesha tena. Mkazamwana ameiacha ndoo bila kuifunika.

9 Machi

Nimeanza ukaguzi. Nyumba ya kwanza nilimsikia mtu ndani akisema, "Funga mbuzi, Mwalimu anakuja." Nilipofika nilimkuta mbuzi amefungwa kwa mkanda wa suruali, na mwenye suruali ameishikilia kwa mkono. Mti hauna kosa. Nimeweka alama ya vema.

Alasiri nilifika kwa Fundi. Huyu nilimfundisha darasa la nne miaka miwili mfululizo, kwa kuwa mara ya kwanza hakunielewa. Alitengeneza baiskeli miaka thelathini mpaka magoti yakakataa kuchuchumaa, akamwachia mpwa wake karakana, akapanda michungwa sitini kwenye ardhi ya baba yake. Yote sitini ilitoka mkononi mwangu. Hiyo ndiyo akiba ya uzee wake. Amelisema hilo mwenyewe mbele ya watu.

Miti ya miaka miwili ingepaswa kunifika kifuani. Hii haijavuka magoti. Majani ni ya manjano, tena manjano ya mabaka, upande mmoja wa jani haufanani na wa pili, kama kwamba wamelipaka watu wawili wasioelewana.

"Mwalimu," Fundi alisema, "niambie nilipokosea. Usinifiche, nimezoea."

"Umezoea nini?"

"Kukosea mbele yako."

Mkewe alicheka. Nilishika jani moja, nikaligeuza, nikaliachia.

"Ni maji," nilisema. "Miche hii ilimwagiwa maji kupita kiasi kitaluni kabla hujaichukua. Mizizi iliharibika ikiwa midogo. Na ardhi yako hii inatuamisha. Chimba mtaro kuzunguka kila mti."

"Kila mti?"

"Una miti mingapi?"

"Sitini."

"Basi mitaro sitini."

"Kitaluni alikuwa akimwagilia nani?" mkewe aliuliza.

"Si mimi," nilisema, nikaaga.

10 Machi

Mkazamwana alinimiminia chai, akaketi, jambo ambalo kwa kawaida halifanyi mpaka nimalize.

"Mama, nasikia nimeua miti ya watu."

"Nani kasema hivyo?"

"Dukani wanasema. Yule mama wa unga alinipimia huku akiniuliza kama unga nao nitauzamisha."

"Nilisema maji yalizidi. Sikukutaja."

"Hukunitaja, kweli. Ila kitaluni tulikuwa wawili, na mmoja ni wewe."

Aliondoka akaosha vikombe vyote, hata vilivyokuwa safi.

14 Machi

Mvua imenyesha. Machungwa machanga yana ukubwa wa gololi.

22 Machi

Nimemaliza ukaguzi. Nyumba thelathini na mbili. Ishirini na mbili nimeziwekea alama ya vema. Kumi zina manjano.

Rejista inaonyesha tarehe ambayo kila mche uliondoka hapa. Niliifungua mezani, nikapitisha kidole kwenye safu ya tarehe za nyumba zile kumi, kisha nikaifunga. Mkazamwana aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nilimwambia aanue nguo.

2 Aprili

Nimefagia ua mara tatu. Hakuna jani lililokuwa limeanguka.

6 Aprili

Sitosheki na kiti chochote. Nimetoa vitabu vyangu vya zamani vya kusomesha nivifute vumbi, nikajikuta natafuta mashamba ya matunda ndani yake. Yapo mengi. Humo watu ama wamekaa kivulini ama wanaiba. Sijaona hata mmoja aliyeinama kupalilia, wala mgongo unaouma. Na wanafunzi wangu, miaka thelathini na mmoja niliyowapa insha ya "Shamba Letu", waliandika kwamba miti hutupa kivuli, matunda na hewa safi. Wote nikawapa alama. Hakuna aliyeandika kwamba mti huugua, na kwamba mti mgonjwa huweza kutembea kwa miguu ya watu. Wangelijuaje, na mimi sikulifundisha.

11 Aprili

Fundi alipita kuazima sururu yangu. Amechimba mitaro kumi na minane. Viganja vyake vimepasuka, naye anavionyesha kama mtoto anayeonyesha daftari.

"Kina ni kiwiko, Mwalimu, kama ulivyosema. Nimepima kwa kiwiko changu. Au ulimaanisha chako?"

"Chako kinatosha."

"Nilijua utasema hivyo, nikaongeza vidole viwili."

Mkazamwana alikuwa akipepeta mchele barazani. Hakuinua uso. Fundi alimsalimia kwa sauti ya chini, ile ya kumsalimia mtu aliyefiwa au aliyeshikwa kwa wizi. Akaitikia vizuri. Nilipomtazama niliona ameziacha chuya zote ndani ya ungo, anapepeta tu.

18 Aprili

Mvua imepungua. Mitaro ni ishirini na sita, nimeambiwa.

29 Aprili

Asubuhi aliingia Bibi Shamba na pikipiki yake, yule binti wa kilimo. Naye nilimfundisha, alikuwa na mwandiko wa kuku na maswali yasiyokwisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sikukuita."

"Nimeitwa na huyu," alisema, akamwonyesha mkazamwana kwa kidevu.

Mkazamwana hakujitetea. Alisema tu, "Nilitaka mtu mwingine atazame maji yangu."

Walikuwa wamekwisha kupita kwa Fundi. Bibi Shamba alitoa mfukoni chungwa dogo la mmoja wa miti ya Fundi, uliozaa kabla ya wakati. Lilikuwa limepinda upande mmoja, na kitako chake kilikuwa kijani wakati juu kumeanza kuiva. Alilikata kwa kisu juu ya ukuta wa kisima. Mbegu zilikuwa nyeusi na zimesinyaa.

"Maji hayafanyi hivi," alisema. "Huu ni ule ugonjwa wa manjano. Hauna dawa, Mwalimu. Mti ukiupata ni kung'oa na kuchoma. Kuna vidudu vidogo vinavyouhamisha kutoka mti hadi mti, lakini miti sitini ikiugua pamoja, mimi huuliza macho yalitoka wapi."

"Yalitoka hapa. Kila mtu anajua."

"Mti mama umewahi kuonyesha tawi la manjano? Hata moja?"

"Hapana," nilisema.

Aliandika. Aliuzunguka mti, akachuma majani machache, akayatia kwenye mifuko ya kupeleka maabara. Upande wa kisima alisimama kidogo mbele ya kovu la tawi kwenye shina, lililopakwa chokaa. Nilisema tawi lilivunjwa na upepo. Mkazamwana alikuwa amesimama na ndoo mkononi, akalitazama kovu, akanitazama mimi, akateka maji yake.

30 Aprili

Nitaliandika leo nililolikwepa misimu mitatu. Nimechonga penseli, nimezunguka nyumba, nimekunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Hakuna kazi iliyobaki.

Mwaka ule, mwezi wa Juni, tawi la mti mama la upande wa kisima liligeuka manjano. Tawi moja tu. Nililiona asubuhi nikiteka maji. Majani yalikuwa na mabaka, na machungwa yake yalikuwa yamepinda na kubaki kijani kitakoni, sawasawa na hili la jana. Wiki ileile tangazo la idara ya kilimo lilikuwa limebandikwa dukani: mwenye mti wa dalili hizo atoe taarifa, na asichukue macho wala vijiti kutoka mti huo. Nililisoma lote. Niliona makosa mawili ya tahajia, nikamwambia mwenye duka kwamba watu wasioweza kuandika hawawezi kutufundisha kilimo. Watu walicheka. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Nilingoja mkazamwana aende sokoni. Nikachukua msumeno, nikalikata tawi, nikalichoma nyuma ya jiko, nikapaka kovu chokaa. Nilijiambia kwamba kidole kikioza hukatwa kidole. Mti ulichanua vizuri baada ya hapo. Nikaona nimemaliza.

Wiki mbili baadaye Fundi alikuja kuomba miche sitini. Ningeweza kumwambia angoje mwaka mmoja. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. Alisema, "Nataka miti ya mkono wako, Mwalimu. Ya mtu mwingine sitaki." Mtu mzima akikuambia hivyo ni vigumu kumjibu kwamba mti wako unaumwa. Nilikata macho yote ya miche yake kwenye mti ule, na ya nyumba tisa nyingine, kwa kisu kimoja, ndani ya siku nne. Mwezi huohuo niliacha kuandika shajara.

Miaka yote ile niliwaandikia watoto ubaoni kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Niliwauliza maana, wakaninyooshea mikono, wakajibu vizuri sana. Nami nilidhani nimewafundisha jambo linalowahusu wao.

Na bado haya yote si mabaya kama lile la mwezi wa tatu. Mwaka ule niliogopa aibu. Mwaka huu nilimtazama Fundi machoni, nikampa jembe, na mkazamwana wangu nikampa jina baya. Nililifanya kwa sentensi mbili, na zote zilikuwa na kitenzi.

8 Mei

Jua limewaka. Nimeshindwa kula.

17 Mei

Tulikuwa tunapogolea safu ya tatu, mimi na mkazamwana. Nilikuwa nimejiandaa wiki mbili namna ya kumwambia. Nilianza kwa "Kuhusu lile tawi," naye akasema, bila kuacha kukata:

"Nilikuona, Mama."

"Ulikuwa sokoni."

"Nilisahau kapu. Nikarudi. Nilisimama pale kwenye mlango wa jiko nikakuona juu ya ngazi, umri wako ule, na msumeno. Nikaogopa ukinisikia utaanguka. Nikarudi sokoni bila kapu."

"Miaka mitatu hukusema neno."

"Ningemwambia nani? Wewe ndiye Mwalimu. Mimi mtu wa kuacha jembe topeni." Alikata tawi jingine, akalitupa. "Wakati ule sikujua maana yake. Nilidhani umelichukia tu lile tawi. Nimejua alipokuja Bibi Shamba na mbegu zake nyeusi."

"Mbona hukumwambia pale pale?"

"Alimuuliza mwenye mti." Alijifuta jasho kwa kanga. "Sitasema kwa niaba yako, Mama. Ukinyamaza, nitakaa nawe hivyo hivyo, nitakupikia, nitakuamkia. Lakini siku ukisema tena kuwa ni maji yangu, hata kwa kunyamaza mtu mwingine akisema, nitafungasha."

Tulimaliza safu. Nilitambua, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, kwamba kabla ya kuhamia mti mwingine huyu binti hupangusa mkasi wake kwa kitambaa chenye spiriti. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema tangazo la dukani.

26 Mei

Nilitoka nikafika nusu ya njia ya kwa Fundi, nikarudi. Niliwaambia watu niliokutana nao kwamba nimesahau miwani. Ilikuwa usoni.

3 Juni

Nimekwenda.

Fundi alikuwa ndani ya mtaro, ameinama juu ya jembe.

"Umekuja kukagua, Mwalimu? Huu ni wa arobaini na saba. Imebaki kumi na mitatu, na mgongo umebaki nusu."

"Weka jembe chini."

Aliliweka papo hapo. "Nimekosea kipimo?"

"Hukukosea. Toka, uketi."

"Ukiniambia niketi ndipo ninapoogopa."

Aliketi ukingoni, miguu ndani ya shimo. Mimi nilisimama. Nilimweleza tawi, chokaa, tangazo, kisu, miche yake. Nilimweleza kwamba maji hayakuwa na kosa, wala ardhi yake, wala mkazamwana wangu, na kwamba nilimwambia Bibi Shamba uongo. Nilisema kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikisimulia historia darasani, na katikati nikajichukia kwa mpangilio huo, lakini sikujua namna nyingine.

Kisha akauliza, "Sasa mitaro hii ni ya nini?"

"Si ya kitu."

"Arobaini na saba."

"Ndiyo."

"Nilipoanza wa kwanza ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mkewe alikuwa amekuja na maji ya kunywa, akasikia yote. Aliuweka mtungi chini polepole. "Na yule mtoto wa watu," alisema, "mimi nilimwambia dukani, watu wakisikia, kwamba ana mkono wa kuua. Akaniambia asante. Nikadhani ni jeuri."

Fundi alichukua udongo akaufinya, ukamwagika. "Ule mwaka uliponirudisha darasa la nne," alisema, "nilimwambia baba kwamba umekosea kujumlisha alama zangu. Nilizijumlisha mwenyewe mara tano. Akanichapa. Akasema Mwalimu hakosei." Alitikisa kichwa. "Kumbe."

"Inawezekana nilikosea," nilisema.

"Nenda nyumbani, Mwalimu. Nikikujibu sasa hivi nitakuvunjia heshima, na sitaki kuivunja leo, nimechoka."

Nilikwenda. Nyuma yangu sikusikia jembe.

5 Juni

Nimepita nyumba zile tisa na rejista, kila moja nikisema maneno yaleyale. Sikuchoka kutembea kama nilivyochoka kusubiri milango ifunguliwe. Mmoja alinikaribisha chai, nikaona ni afadhali angenifukuza. Mwingine aliuliza kama amri ya kung'oa inatoka serikalini au kwangu, maana ya serikali inaweza kusubiri. Kwa yule wa mbuzi, ambaye alichukua mche wa pili mwaka ule, nami nikamfutia vema nilipouona baadaye Machi, nilipewa kiti.

"Mbuzi wangu aliyakataa majani ya mti huo tangu mwaka jana," alisema. "Mimi nikadhani ni heshima kwako."

Nilipofika nyumbani nilimwambia mkazamwana kwamba nimemtaja kila mahali kwa jina lake, na kwamba nimesema hana kosa.

"Nimesikia," alisema. "Mama wa unga amenizidishia kibaba." Kisha: "Umekula?"

9 Juni

Kumetulia. Hakuna anayekuja kuomba ushauri. Zamani walikuwa wawili au watatu kwa siku, nami nikilalamika.

14 Juni

Majibu ya maabara yamefika: mti mama ni mgonjwa. Nimeamuru ukatwe leo leo. Mkazamwana alitaka kungoja mwanangu arudi na msumeno wa mashine. Nilikataa. Alikuja mpwa wa Fundi, yule wa baiskeli, na mwenzake. Fundi mwenyewe hakuja. Kabla hawajaanza nilichuma chungwa moja nikalionja. Lilikuwa chungu na chumvichumvi. Nilikuwa nimekula machungwa ya mti huo msimu wote uliopita na kuwaambia wageni kwamba ni ya mti mzee, yana ladha ya kiutu uzima.

Kazi ilichukua saa mbili. Sasa nikikaa barazani jua linanipiga usoni, na kutoka jikoni naona mpaka barabarani. Nimehamisha kiti mara nne.

28 Juni

Bibi Shamba amepima shamba langu. Miti ishirini na sita ina ugonjwa, mingi katika safu mbili zilizo karibu na ua. Iliyobaki themanini na minne ni mizima, kwa leo. Aliketi chini ya kivuli cha safu ya saba akatueleza, mimi na mkazamwana, huku akichora mchangani kwa kijiti.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kung'oa iliyougua tu na kuomba Mungu. Vidudu vitaendelea kuruka, na mwaka ujao tutang'oa tena, na mwaka unaofuata. Ya pili ni kung'oa kila mchungwa, kila mlimau na kila mndimu katika nyumba zote thelathini na mbili pamoja na hapa kwetu, mizima na iliyougua, na kukaa miaka miwili bila hata mmoja. Baada ya hapo tunaanza upya kwa miche safi iliyokuzwa ndani ya wavu.

"Nyumba moja ikibakisha mti mmoja," alisema, "wengine wote mtakuwa mmeng'oa bure."

"Wenye miti mizima hawatakubali," nilisema.

"Ndiyo maana tunawaita. Tarehe kumi na mbili Julai, Jumamosi, shuleni."

Mkazamwana alikuwa akiutazama mchoro. Aliuliza wavu unapaswa kuwa na matundu ya ukubwa gani, miche mingapi huingia katika mita kumi, na kama mtu anaweza kujifunza kuupima ugonjwa kabla ya kubebesha. Alijibiwa. Aliuliza tena. Nilikaa kimya nikimsikiliza. Nimewahi kumwandika humu kuwa hana utaratibu.

3 Julai

Tunavuna safu ya tano mpaka ya kumi na moja. Matunda ni mengi na mazuri, na kila nikijaza kapu nahesabu mti, ingawa naijua hesabu.

7 Julai

Nimeandaa hotuba ya Jumamosi. Kurasa nne. Nimeanza na historia ya michungwa hapa kwetu, nani alipanda wa kwanza, nikaja kwenye kosa langu, nikamalizia na sababu sita za kuifuata njia ya pili.

8 Julai

Nimeipunguza. Kurasa mbili, sababu tatu.

11 Julai

Fundi amekuja. Hajaingia ua huu tangu Aprili. Alisimama mahali ulipokuwa mti mama, akatazama kisiki, akakubali kiti lakini hakukubali chai.

"Miti yangu nimeing'oa," alisema. "Yote sitini. Jana. Mitaro imenisaidia, mizizi ilitoka kirahisi." Alitabasamu kidogo, au nilitaka atabasamu. "Kwa hiyo kesho mimi sina cha kupoteza. Wenye cha kupoteza ni wale wa nyumba ishirini na mbili. Na wewe."

"Nimeandaa maneno," nilisema, nikaziinua karatasi.

"Hilo ndilo lililonileta. Mwalimu, kesho usije."

Nilimuuliza kama watu wamekasirika kiasi hicho.

"Wapo waliokasirika. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba ukisimama mbele ya lile darasa, watakusikiliza. Hata baada ya yote haya. Ukisema ng'oeni, watang'oa kwa mazoea, kisha mwezi unaofuata mmoja atajuta na kuficha mndimu wake nyuma ya choo. Ukilia, watakuhurumia wabakishe yote. Mimi nilichimba mashimo arobaini na saba sikuuliza kwa nini. Kesho nataka watu waulize kwa nini, wagombane, wachoke, waamue. Ukiwepo hawatagombana. Watanyoosha mikono."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu, lilikuwa zuri, tena fupi.

"Nyumba yangu ina miti mia moja na tisa—" nilianza.

"Mia na kumi, Mama," mkazamwana alisema kutoka mlangoni.

"Mia na kumi. Nani ataisemea?"

Fundi alimtazama yeye.

12 Julai

Saa tatu asubuhi. Wameanza kupita. Kwa kuwa uani hakuna tena cha kuzuia, nawaona wote barabarani wakielekea shuleni, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli. Yule wa mbuzi amevaa mkanda. Wananiamkia, nawaitikia. Hakuna anayesimama.

Mkazamwana alijitayarisha mapema. Alikuja barazani amefunga kilemba, ana daftari lake mwenyewe, ambalo sikujua analo.

"Wakiuliza nyumba hii inataka nini, nijibu nini?"

"Unaonaje wewe?"

"Naona tung'oe yote. Lakini mimi sikuipanda."

Nililitazama shamba. Safu ya saba bado haijavunwa kwa upande mmoja, na kutoka hapa matunda yanaonekana. Marehemu mume wangu aliichimbia ile safu peke yake, mimi nikiwa nasahihisha mitihani. Mizima, themanini na minne. Nilikaa muda mrefu kiasi kwamba alihamisha daftari kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Waambie," nilisema, "nyumba hii itafuata watakaloamua. Na wakikuuliza maoni, toa yako. Usiseme Mwalimu amesema."

"Na wakiamua yote?"

"Yote."

Akaondoka. Zile kurasa mbili nimezitia jikoni chini ya sufuria, zimewaka vizuri.

Saa tano. Kutoka shuleni zinasikika sauti, si moja, ni nyingi kwa pamoja, na mara moja kicheko. Nimesimama mara kadhaa, nimefika mpaka barabarani, nimerudi. Sijafagia. Sijui wako upande gani, wala nani anaongea zaidi, wala kama binti yangu amesimama au ameketi. Akirudi nitamwambia anieleze yote polepole, nani alipinga na kwa maneno gani, nami nitayaandika hapa kama walivyoyasema, bila kusahihisha.